Kununua nyoka wa kutoka nje kwa ajili ya kuzalisha: maswali tunayoulizwa Malindi

Maswali haya hutufikia kwa njia mbili. Kuna vijana wa hapa mjini, wa Barani na Maweni, waliomwona mtalii akilipia picha ya chatu shingoni wakapiga hesabu. Na kuna jamaa zetu walio Ulaya, Milano hasa, maana Malindi na Italia tumeshaoana. Huko wamekuta watu wanafuga nyoka kama sisi tunavyofuga njiwa, nao wakaingiwa na hamu. Wa kwanza wanataka kuuza, wa pili wanataka kununua. Wanunuzi ndio tuliowajibu kwa urefu, kwa sababu jibu la wauzaji ni fupi.

WC, CH na CB kwenye orodha ya muuzaji maana yake nini?

WC ni nyoka aliyekamatwa porini. CB ni aliyezalishwa: baba na mama wote wanafugwa, na walipandana mikononi mwa mfugaji. Inayowapoteza watu ni CH, wa kuanguliwa. Huyu ametoka kwenye yai ndani ya banda, ni kweli, lakini yai lenyewe lilitungwa porini. Ama jike mwenye mimba alikamatwa akaja kutaga bandani, ama mayai yalichimbuliwa shimoni yakaletwa. Kwa damu ni mtoto wa porini.

Kwenye vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, herufi ni nyingine. W ni wa porini. R ni wale ambao mayai au watoto wao hutolewa porini wakalelewa bandani. F ni aliyezaliwa kwenye ufugaji lakini hajatimiza masharti ya kuitwa C, na C ndiye wa kuzalishwa hasa. Orodha ya dukani huandikwa na mwenye duka apendavyo. Kibali hutolewa na serikali. Zikipingana, amini kibali.

Sasa huyo wa kuanguliwa ana ubaya gani? Si amezaliwa bandani?

Hana ubaya wa lazima. Mtu wa Malindi analielewa jambo hili vizuri kuliko mtu wa Milano, kwa sababu mradi wa Kipepeo pale Gede umefanya kazi ya namna hiyo tangu 1993. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hukamata vipepeo wazazi, huwaacha watage, hulisha viwavi, na pupa (kiwavi aliyejifunga gandani kabla ya kuwa kipepeo) husafirishwa nje kwa maonyesho. Mkulima hupata pesa, na msitu hupata mtu wa kuulinda. Mabanda ya chatu ya Afrika Magharibi yana mantiki hiyohiyo kwenye karatasi: jike mwenye mimba anachukuliwa, anataga, kisha yeye na sehemu ya watoto wake wanarudishwa porini.

Tofauti ni kwamba kipepeo huishi wiki chache, wakati chatu mdogo unayemnunua leo anaweza kukaa nawe miaka 20 na zaidi. Kila alichobeba kutoka bandani utakuwa nacho muda wote huo. Na bandani mle hukaa mamia ya nyoka, watoto karibu na majike wa porini wenye kupe na minyoo. Nyoka aliyeanguliwa akiwa safi anaweza kuchafuka kabla hajapanda ndege.

Wanatoka nchi gani?

Kwa chatu wa kifalme, Python regius, yule mdogo anayejiviringa kama mpira akiogopa, ni Togo, Benin na Ghana. Hao ndio wanaofugwa zaidi duniani. Majike hukusanywa wakati wa kiangazi, watoto huanguliwa mvua zinapokaribia au zimeanza, na shehena hufika Ulaya na Marekani kuanzia kati ya mwaka. Benin hiyohiyo, mjini Ouidah, lipo hekalu ambamo chatu hawa wanaheshimiwa na kuachwa watembee, na aliyekutana na mmoja njiani humrudisha.

Boa, nyoka wa kubana kama chatu, hutoka sana Suriname na Guyana. Chatu wa kijani hutoka Indonesia, na huko pana jambo ambalo mnunuzi lazima alijue. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba asilimia 80 au zaidi ya chatu wa kijani waliouzwa nje ya Indonesia wakiitwa wa kuzalishwa walikuwa wamekamatwa porini. Yaani C kwenye kibali, W kwenye damu. Tumesema uamini kibali kuliko orodha ya duka. Hatukusema uache kutumia akili. Banda linalosafirisha watoto wengi kila mwaka lazima liwe na majike wa kutosha, panya wa kutosha na watu wa kutosha. Muulize muuzaji picha za wazazi. Mzalishaji wa kweli anazo, tena atakuchosha kwa kukuonyesha.

Jirani zetu Tanzania walikuwa wauzaji wakubwa wa wanyama hai hadi serikali yao ilipopiga marufuku mwaka 2016. Australia haiuzi nje kibiashara wanyama wake wa asili walio hai, kwa hiyo ukiambiwa nyoka wa Kiaustralia ni "wa porini, ameingia juzi", ondoka.

Kama wana matatizo hivyo, kwa nini wafugaji wazoefu bado wanawanunua?

Kwa sababu mbili, na zote ni za kweli. Ya kwanza ni damu mpya. Kwa jamii ambayo wafugaji wake ni wachache, ndugu huishia kupandana na ndugu kizazi baada ya kizazi, na matokeo yake huonekana: mayai yasiyotunga, watoto wenye vilema.

Ya pili ni rangi. Karibu rangi zote za msingi za chatu wa kifalme zilianzia kwa nyoka mmojammoja aliyeokotwa porini akiwa tofauti. Zeruzeru wa kwanza kuzalishwa kwa kufugwa walipatikana Marekani mwaka 1992, kwa mfugaji Bob Clark, na tangu hapo kila shehena ya Afrika Magharibi ilipekuliwa kama gunia la mchele. Mtu alikuwa ananunua mtoto mmoja mwenye mabaka ya ajabu kwa bei ya gari akitumaini kwamba ni ya kurithi. Mara nyingine haikuwa ya kurithi. Mara nyingine ilikuwa, lakini ikaja na mzigo wake: ile rangi wanayoiita spaida, iliyoanzia kwa nyoka aliyeingizwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, huenda pamoja na kichwa kinachotikisika na mwili usiojua juu ni wapi. Wako wanaoizalisha hadi leo. Sisi tusingeizalisha.

Lakini hizo ni sababu za watu wenye vyumba vya karantini na daktari wa nyoka kwenye simu. Wewe unayeanza huna haja ya damu mpya wala bahati nasibu ya rangi. Chatu wa kifalme wa kuzalishwa wamejaa Ulaya kuliko wanunuzi. Nunua CB, ufuge miaka miwili mitatu, halafu urudi kwenye swali hili.

Nimeng'ang'ania. Nichague yupi na wakati gani?

Chagua wa kuanguliwa badala ya wa porini, mdogo badala ya mkubwa, na usinunue siku shehena inapofungua maboksi. Siku hiyo bei ni nzuri sana, nasi tunajua kwa nini: muuzaji anataka hatari ihamie kwako kabla haijajitokeza. Ngoja hadi Septemba au Oktoba. Dhaifu watakuwa wamekwisha kujulikana, na waliobaki watakuwa na historia ya kula. Lipa zaidi kidogo, upate nyoka aliyekula angalau mara tano mfululizo. Omba umwone akila, kwa macho yako au kwa video ya siku hiyo.

Mshike. Nyoka mzima hukukaza mkono kwa nguvu sawa mwili mzima. Angalia kama uti wa mgongo umetokeza kama ukingo wa paa, kama ngozi ina mikunjo isiyorudi ikibanwa (huyo amekosa maji), kama mdomo una ute au mapovu, kama pumzi inapiga filimbi. Tazama chini ya kidevu na kuzunguka macho: utitiri hujificha hapo, vidoti vyeusi vinavyotembea. Kupe hukaa katikati ya magamba na huonekana kama gamba lililokaa upande. Kisha pitisha kitambaa cheupe mwilini, ukiangalie vizuri.

Karatasi gani nidai?

Chatu wote na boa wote wako kwenye viambatisho vya CITES, wengi wao Kiambatisho cha II, kwa hiyo kila anayevuka mpaka lazima awe na kibali cha nchi aliyotoka. Kibali cha kusafirisha nje hudumu miezi sita. Kilichopitwa na muda ni karatasi tu. Umoja wa Ulaya unadai pia kibali cha kuingiza kwa wengi wa jamii hizi, na mara kwa mara hufunga mlango kwa jamii fulani kutoka nchi fulani, basi angalia kabla hujatuma pesa. Ukinunua dukani ndani ya nchi, hutapewa kibali chenyewe, lakini dai namba yake iandikwe kwenye risiti pamoja na herufi ya asili, nchi na tarehe. Bila hiyo, watoto utakaozalisha hawana baba wala mama kisheria, na mnunuzi mwenye akili hatawagusa.

Aliye Italia aanze na amri namba 135 ya mwaka 2022, iliyobana sana uingizaji na ufugaji wa wanyama wa kigeni waliotolewa porini. Aliye Marekani ajue kwamba chatu wakubwa kadhaa, akiwemo chatu wa Afrika Python sebae, waliwekwa kwenye orodha ya wanyama waharibifu mwaka 2012 na hawaruhusiwi kuingizwa.

Amefika. Nimpe panya?

Hapana. Mpe maji na giza, umwache. Amekaa kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya boksi siku kadhaa, pengine wiki kadhaa ukihesabu banda la msafirishaji na ghala la mwagizaji. Mwekee boksi dogo, karatasi chini, maficho mawili yanayombana, bakuli la maji. Upande wa joto nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi 25 hadi 27, na themostati iwepo. Milano wakati wa baridi si Malindi. Usimshike. Mpime uzito siku ya kwanza, uandike. Chakula kingoje siku saba, na cha kwanza kiwe kidogo.

Karantini ni muda gani, na ni lazima kweli kwa nyoka mmoja?

Siku 90, na chumba tofauti. Kona ya chumba kilekile haihesabiki, maana utitiri hutembea. Kama hana mwenzake nyumbani, karantini imejifanya yenyewe, lakini mambo mengine yote yabaki.

Karatasi chini badala ya udongo wa kupendeza, ili uone kinyesi, damu, na utitiri waliozama kwenye bakuli. Wahudumie nyoka wako wa zamani kwanza na mgeni mwisho, kwa koleo lake, bakuli lake, na mikono iliyooshwa. Kinyesi cha kwanza kipelekwe kwa daktari kikiwa kibichi. Nyoka wa porini akitoka bila mnyoo hata mmoja, mshangae. Minyoo ya kawaida hutibika. Kinachotutisha ni vijidudu kama Entamoeba invadens, ambaye kobe humbeba bila kuugua lakini kwa nyoka huozesha utumbo. Ndiyo maana hatuwaweki kobe na nyoka chumba kimoja. Kuna kriptosporidi ya tumboni, isiyo na dawa ya kuaminika, inayomvimbisha nyoka katikati na kumfanya atapike kila anachokula. Na kuna virusi: arena kwa boa hasa, na nido kwa chatu, anayeharibu mapafu. Kwa hao wawili kuna vipimo vya maabara, na gharama yake ni ndogo kuliko kuzika kundi zima.

Dawa usijipimie. Ivermectini, dawa ya minyoo ambayo watu huiona rahisi kwa sababu wanaijua kwa mbuzi, inaua kobe hata kwa kiasi kidogo. Ukiwa na wanyama wote wawili na sindano moja, Mungu akusaidie.

Kupe nao si uchafu tu. Mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya kobe wa Afrika kwa sababu kupe wao walikutwa na vijidudu vya ugonjwa wa maji ya moyo unaoua ng'ombe na mbuzi. Mng'oe kwa kibano, taratibu, kichwa kikiwemo, umtie kwenye spiriti.

Miezi miwili hajala. Atakufa?

Chatu wa kifalme mkubwa mwenye nyama anaweza kufunga miezi kadhaa asidhurike, hasa madume msimu wa kupanda. Angalia uzito, usiangalie kalenda. Akipungua kidogo, subiri. Akipungua moja ya kumi, mwone daktari. Mtoto mdogo hana akiba, huyo usimngoje.

Wa porini hajawahi kuona panya mweupe wa friza. Anajua panya wa shambani, na wengine wanajua ndege: utafiti uliofanywa Nigeria ulionyesha kwamba chatu wadogo, na madume hasa, wanakula ndege kwa wingi kwa kuwa hupanda miti, na majike wakubwa wanakula wanyama wenye manyoya. Kwa hiyo kwa dume anayegoma, msugue panya kwa kifaranga, umpashe hadi joto la mwili, umpe usiku, ufunike boksi, uondoke. Kuondoka ndiko kunakowashinda watu.

Wataanza kuzaa lini?

Wa kuanguliwa akikua vizuri, dume huweza baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, jike akifika gramu 1,500, ambayo huchukua miaka mitatu kwa kawaida. Mkubwa wa porini anaweza kukaa mwaka hadi mitatu asitake hata kumwona dume. Mtago ni mayai 4 hadi 10, mara nyingi karibu 6. Ukiyatoa kwa mama, yaweke nyuzi 31 hadi 32 na unyevu mwingi, bila kuyageuza, siku 55 hadi 60.

Muuzaji anasema jike huyu wa porini "amethibitika", ametaga kwake. Nimwamini?

Yawezekana hakudanganya, lakini hajasema kitu. Jike aliyekamatwa na mimba angetaga hata kwenye gunia. Kutaga kwake hakuonyeshi kwamba atakubali dume kwenye boksi lako. Aliyethibitika ni yule aliyepandana na kutaga akiwa anafugwa, msimu wa pili au wa tatu baada ya kufika.

Tena kuna mtego mwingine. Jike huweza kuhifadhi mbegu ya dume kwa muda mrefu. Unamweka na dume wako wa rangi adimu, anataga, nawe unawauza watoto ukisema wamebeba damu ya dume wako. Kumbe baba yao yuko Togo. Mtago wa kwanza wa jike mgeni usiuze kwa jina la ukoo wowote hadi kipimo cha jeni au rangi ya watoto wenyewe iseme.

Naweza kuwaleta hawa Malindi nikafuga?

Kisheria mlango ni mwembamba: idhini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, vibali vya CITES vya pande zote mbili, na kibali cha idara ya mifugo ya serikali. Binafsi hatushauri, na sababu ni hali ya hewa. Nyoka akitoroka Milano, baridi inamaliza habari. Akitoroka hapa atakuta joto, panya na mashamba. Florida walidhani chatu wa Burma ni wachache waliopotea, na leo wameenea kwenye mbuga za majimaji za Everglades na hawatoki.

Na mimi nikikamata hapa msituni nimuuzie Mzungu?

Usithubutu. Bila idhini ya KWS ni kosa, awe chatu au nyoka wa nyumbani. Kama unadhani wanaangalia pembe za ndovu tu, kumbuka Mei 2025: vijana wawili wa Ubelgiji walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya sisimizi hai wapatao 5,000 waliowatia kwenye vijichupa. Sisimizi, jamaa yangu.

Isitoshe, soko unalolidhania halipo. Nyoka wetu wa mchangani, Eryx colubrinus, anauzwa Marekani kwa jina la Kenya kabisa, lakini wale wanazaliwa kulekule kizazi baada ya kizazi. Huzaa watoto hai, hula kwa urahisi, na bei yake ni ya chini. Hakuna anayehitaji wa kwako mwenye kupe. Ukipenda nyoka kwa dhati, nenda Watamu pale Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa na James na Sanda Ashe mwaka 1980, ukajifunze kwa wanaojua kazi.

Vipi wa sumu?

Hatujibu swali la kuzalisha koboko, swila wala kifutu chumbani.

Nimechoka naye. Nikamwachie porini?

Hapana, hata kama alitoka porini, na hata kama ungekuwa na nauli ya kumrudisha Togo. Ameshakaa na nyoka wa nchi tatu ndani ya maghala, na ugonjwa aliouokota humo utafika kwa wenzake kabla yeye hajapata shimo la kulala. Mabanda ya kule hurudisha wale tu ambao hawakuondoka. Mtafutie mfugaji mwingine, umpe na karatasi zake zote, rekodi ya uzito na ya chakula, na umwambie wazi kama ni W au R. Ukikosa mtu, piga simu kwenye kituo cha kuokoa wanyama au hifadhi ya reptilia iliyo karibu; wengi watakwambia wamejaa, basi uliza orodha ya kungojea, nawe endelea kumbadilishia maji.